Sisimizi wa Jikoni: Kwa Nini Ninawalisha Kabla ya Kuwaua

Kila mwaka, mvua za masika zinapokaribia hapa Kisumu, jikoni mwa nyumba nyingi za mtaa wetu hutokea mstari ule ule: sisimizi wadogo wanaotoka katika ufa ulio nyuma ya sinki, wanaopanda ukuta, wakafuata ukingo wa dirisha na kushukia kabatini pale pale panapowekwa sukari. Swali ninaloulizwa na majirani wakati huo ni moja, nalo ni dawa gani itakayowaua leo leo. Jibu langu huwashangaza wengi, kwa sababu ninawasihi wasiwaue leo. Ninawaambia wawalishe kwanza, tena wawalishe vizuri, kwa chakula kilichotiwa kitu kitakachofika hadi kiotani. Mengi yanayosemwa kuhusu dawa za nyumbani, kuanzia siki hadi mdalasini, hushughulika na sisimizi anayeonekana, ilhali chanzo cha usumbufu wote kiko chini ya sakafu au ndani ya ukuta, mahali ambapo fagio na kitambaa havifiki.

Sisimizi unaowaona mezani ni wafanyakazi waliotumwa kutafuta chakula, nao ni sehemu ndogo tu ya jamii nzima. Wengine wamebaki kiotani wakitunza mayai na mabuu, pamoja na malkia, au malkia kadhaa kwa baadhi ya aina, ambaye kazi yake kubwa ni kutaga. Malkia wa aina moja ya sisimizi weusi wa bustanini huko Ulaya aliwahi kuishi zaidi ya miaka 28 akiwa anafugwa. Wa kwetu si lazima waishi miaka yote hiyo, lakini mfano huo unatosha kuonyesha kwamba ukiwafagia wafanyakazi asubuhi na jioni, malkia hana hata habari. Ataendelea kutaga, na nafasi za waliokufa zitajazwa.

Jambo linalonipa matumaini ni namna wanavyokula. Mfanyakazi aliyekomaa hawezi kumeza kipande kigumu cha chakula. Hunywa majimaji, huyahifadhi katika mfuko maalumu ulio tumboni mwake, na akifika kiotani huyatoa na kuwagawia wenzake mdomo kwa mdomo, nao huwagawia wengine, mpaka tone moja la maji ya sukari liwe limepita katika vinywa vya wengi. Chembe ngumu, kama vile kipande cha omena, yaani dagaa wa ziwani, hupelekewa mabuu, kwa kuwa hao ndio wanaoweza kuimeng'enya. Malkia mwenyewe hatoki kwenda kutafuta chakula; hula anacholetewa. Kwa hiyo sumu inayoua papo hapo haimfikii kamwe, kwa sababu mbebaji hufia njiani. Inayomfikia ni ile inayofanya kazi polepole, ambayo mfanyakazi hukaa nayo tumboni kwa saa nyingi bila kuhisi lolote, akaenda na kurudi mara kadhaa, akagawa.

Kabla ya kutega chochote, tenga muda uwatazame. Wengi huruka hatua hii, na kwa maoni yangu ndiyo inayoamua kama utafanikiwa. Chukua tochi usiku, jikoni kukiwa kimetulia, uufuate mstari wao kinyumenyume, kutoka kwenye chakula kuelekea walikotokea. Utagundua kwamba hawatembei ovyo. Yule aliyepata chakula huacha alama ya harufu anaporudi nyumbani, wenzake huifuata, na kila anayefanikiwa huiongezea nguvu, hadi iwe barabara kamili. Fuata barabara hiyo hadi inapoingia: ufa wa lipu, tundu la bomba, kisanduku cha umeme ukutani, kizingiti cha mlango, au tawi la mti lililoegemea paa. Katika uwanda wa Kano na sehemu nyingi za Kisumu, udongo mweusi huvimba mvua inaponyesha na kupasuka wakati wa kiangazi, na nyumba zilizojengwa juu yake hupata nyufa kila mwaka. Nakuru, ambako dada yangu anaishi, udongo ni wa majivu ya volkano, mwepesi na rahisi kuchimbwa, na sisimizi hujenga viota vyao chini ya sakafu za simiti bila shida yoyote. Ukishaijua njia yao, usiifute bado. Utaihitaji.

Kisha wajaribu wanataka nini. Weka vifuniko viwili vya chupa ya soda kando ya njia yao, kimoja kikiwa na maji ya sukari au kipande kidogo cha sukari nguru, na kingine kikiwa na omena iliyosagwa na kuchanganywa na matone machache ya mafuta ya kupikia. Viache kwa saa moja hivi. Jamii yenye mabuu wengi huhitaji protini zaidi, kwa hiyo wiki fulani utaona wote wamejaa kwenye omena na sukari imeachwa, na wiki nyingine mambo yakawa kinyume chake. Nimewasikia watu wengi wakilalamika kwamba chambo cha sukari hakifanyi kazi, na nilipouliza, hakuna aliyekuwa amewapimia wadudu wenyewe hamu yao siku hiyo.

Kitu ninachotia katika chambo ni boraksi, unga mweupe unaouzwa katika maduka ya kemikali, ambao watu wengine huutumia katika kufulia nguo. Pima nusu kijiko cha chai cha boraksi na vijiko 8 vya chai vya sukari, uviyeyushe katika kikombe kimoja cha maji ya uvuguvugu, yaani kama mililita 240. Mchanganyiko huo huwa na boraksi isiyozidi sana asilimia 1, na kiwango hicho kidogo ndicho siri ya kazi yenyewe. Watu hudhani kwamba wakiongeza unga, sisimizi watakufa haraka zaidi, nao hufa haraka kweli, lakini hufia kando ya kifuniko, au huonja na kukikataa chakula hicho kabisa. Chovya vipande vya pamba katika mchanganyiko, uviweke ndani ya kopo dogo la plastiki lenye mfuniko, utoboe matundu madogo ubavuni kwa msumari uliochomwa motoni, kisha uliweke kopo kando ya barabara yao, karibu iwezekanavyo na mahali wanapoingilia. Kama wamechagua omena, chukua vijiko 3 vya chai vya siagi ya njugu au unga wa omena uliolainishwa kwa mafuta, uchanganye na chembe chache za boraksi unazoweza kuzishika kwa ncha za vidole viwili. Badilisha pamba inapokauka, kwa kuwa chambo kikavu hakinyweki, na katika joto la Kisumu hukauka upesi.

Hapa ni lazima nizungumze kwa uzito. Kutengenezwa nyumbani hakukifanyi kitu kuwa salama. Boraksi ni sumu ikimezwa na mtoto, mbwa au paka, na nchi za Umoja wa Ulaya zimeiweka katika orodha ya kemikali zinazodhuru uzazi. Mama mjamzito asiishike. Anayeitengeneza avae glavu, atumie kijiko na chombo ambavyo havitarudi tena kwenye chakula cha watu, na kopo liandikwe neno SUMU kwa herufi kubwa. Maji ya sukari yaliyowekwa sakafuni ni kinywaji kitamu machoni pa mtoto wa miaka miwili, na ndiyo sababu ninasisitiza kopo lenye mfuniko, lililowekwa nyuma ya jiko la gesi, juu ya kabati au ndani ya uwazi wa ukuta ambao mkono mdogo hauwezi kuufikia. Nyumba ambayo haina mahali kama hapo isitumie boraksi. Itumie sabuni na majivu, nitakayoyaeleza baadaye, na iridhike na matokeo ya polepole.

Siku ya kwanza ya chambo huwavunja watu moyo. Sisimizi huongezeka. Mstari uliokuwa mwembamba hunenepa, kopo huzungukwa, na mwenye nyumba huona kama amewaalika ukoo mzima. Jirani yangu mmoja, mama wa makamo anayeuza samaki soko la Kibuye, aliniita jioni akiwa ameshika chupa ya dawa ya kupuliza. "Mwanangu, mbona wamekuwa wengi kuliko jana?" Nikamjibu, "Vumilia, mama, waache wale. Wanakufanyia kazi." Wingi huo ndio tunaoutaka, kwa maana kila anayekunywa ni mbebaji. Baada ya siku chache mstari huanza kukonda, na katika muda wa wiki moja hadi mbili, kulingana na ukubwa wa kiota, hukoma. Katika muda huo wote usipulize dawa yoyote karibu na chambo, usipake siki kwenye njia yao, wala usiwaponde.

Kupuliza dawa kuna madhara makubwa zaidi kwa aina moja ninayotaka uitambue. Ni sisimizi wadogo mno, wa rangi ya manjano iliyofifia, wenye urefu wa milimita 2 hivi, wanaopenda kuishi ndani ya kuta, nyuma ya soketi za umeme na katika majengo yenye joto, zikiwemo hospitali. Kiota chao huwa na malkia wengi. Wanaposhtuliwa kwa dawa kali, jamii hugawanyika. Kila kundi hubeba mabuu na malkia wake na kwenda kuanzisha makao mapya chumba cha pili. Mtu aliyekuwa na kiota kimoja jikoni hujikuta baada ya mwezi ana vitatu, kikiwemo cha chumba cha kulala. Kwa sisimizi hawa hakuna njia nzuri ya nyumbani isipokuwa chambo na subira.

Chambo kikishamaliza kazi yake, ndipo siki na sabuni zinapopata nafasi yao halali. Njia ya harufu iliyoachwa ukutani ni lazima ifutwe, la sivyo kundi jingine litaifuata. Siki iliyochanganywa na maji, nusu kwa nusu, hufanya kazi hiyo, lakini maji ya moto yenye sabuni huifanya vizuri vilevile na kwa gharama ndogo. Wenye sakafu za terazo au simiti iliyosuguliwa ninawashauri waache siki kabisa, kwa kuwa asidi iliyomo huila simiti na kuacha madoa yasiyong'aa tena. Maji ya sabuni yana faida nyingine: yakimpata sisimizi mwenyewe humuua, kwa sababu sabuni huharibu utando wa nta unaoufunika mwili wake na kuyawezesha maji kuingia katika vitundu anavyopumulia, jambo ambalo maji matupu hayawezi kulifanya kwa urahisi. Kwa hiyo wageni wakiwa mlangoni na sisimizi wamejaa mezani, chupa ya kunyunyizia yenye maji na kijiko cha sabuni ya maji itakuokoa bila kutia sumu hewani. Ni huduma ya kwanza tu, na kesho watarudi.

Mama yangu, aliyetulea Vihiga, hakuwahi kununua dawa ya wadudu. Alitumia majivu. Jikoni mwake hayakukosekana, kwa kuwa mbali na majivu ya kuni, alichoma maganda makavu ya maharagwe ili kupata munyu wa kienyeji wa kupikia mrenda na kunde. Majivu makavu yaliyochungwa aliyamwaga kuzunguka mguu wa ghala, chini ya mtungi wa maji na kwenye kizingiti. Sisimizi hawapendi kuyavuka. Unga wake laini huwanasa miguuni na kuwakausha. Udhaifu wake ni unyevu. Yakilowa yamekwisha kazi, na ni lazima yafagiliwe na kuwekwa mapya, jambo ambalo katika mvua za magharibi mwa Kenya ni kazi ya kila siku. Ndani ya nyumba, chini ya kabati na nyuma ya friji, hudumu muda mrefu.

Kuna unga mwingine wa namna hiyo, wenye nguvu zaidi, na unachimbwa hapa hapa nchini. Katika bonde la Kariandusi, karibu na Gilgil katika kaunti ya Nakuru, kuna matabaka ya udongo mweupe mwepesi uliotokana na mabaki ya mimea midogo mno ya majini iliyoishi katika ziwa la kale. Magamba ya mimea hiyo ni ya silika. Yakisagwa kuwa unga na kunyunyizwa kwenye nyufa, hufyonza na kukwaruza utando wa nta wa mdudu hadi akauke. Baadhi ya wakulima huuchanganya na nafaka kuzuia fukusi. Ukiupata ukiwa haujachomwa kiwandani, nyunyiza kiasi kidogo sana, kama vumbi lisiloonekana vizuri, ndani ya nyufa kavu na nyuma ya mbao za ukutani, kwa sababu sisimizi hulizunguka rundo lakini hupita juu ya vumbi jepesi. Funika pua na mdomo unapoutia, kwa maana vumbi la silika halifai mapafuni mwa mtu.

Karafuu, mdalasini, maganda ya limau, pilipili, majani ya mwarobaini: vyote hivi hufukuza kwa harufu yake, na vyote huisha nguvu harufu inapopungua. Mimi huweka karafuu chache ndani ya kopo la sukari na sina sababu ya kumkataza yeyote kufanya hivyo, lakini anayetaka kuondoa kiota asivitegemee, na asiviweke karibu na chambo, kwa kuwa atawafukuza sisimizi anaotaka wakile chambo hicho.

Mambo mawili yamezoeleka mno kiasi kwamba siwezi kuyapita kimya. La kwanza ni chaki ya wadudu inayouzwa na wachuuzi kwa bei ya chini. Inafanana kabisa na chaki ya darasani, na ndipo hatari yake ilipo, kwa sababu ndani yake huwa na sumu kali za kuulia wadudu, na mtoto anayeiokota ataichorea sakafu kisha alambe vidole. Watu huiona kuwa kitu cha nyumbani kwa sababu tu ni ndogo na haina chupa. Isiingie nyumbani mwako. La pili ni mafuta ya taa yanayomwagwa kwenye nyufa na miguuni mwa kabati. Yanawaua sisimizi wachache na kuwafukuza wengine, lakini jikoni kuna moto, na mvuke wake si wa kupumuliwa na watoto usiku kucha. Chupa ya soda yenye mafuta ya taa iliyowekwa chini ya sinki imewapeleka watoto wengi hospitalini.

Anayetaka kulinda kabati la chakula ana njia bora ya zamani: kusimamisha kila mguu wa kabati ndani ya kopo lenye maji na tone la sabuni, huku kabati likiwa halijagusa ukuta. Ninaipenda njia hii, ila sisi wa kando ya ziwa tunaishi katika eneo la malaria, na maji yaliyotulia ni makao ya mbu. Mbu huhitaji siku chache tu, mara nyingi kati ya wiki moja na mbili, kutoka yai hadi kuruka. Kwa hiyo maji hayo yamwagwe na kubadilishwa kila baada ya siku tatu au nne bila kusahau, na asiyeweza kukumbuka apake miguu ya kabati mafuta ya mgando badala yake.

Nje ya nyumba mambo ni mepesi kidogo. Kiota kinachoonekana uani kinaweza kumwagiwa maji yanayochemka, sufuria kubwa nzima kwa mara moja, asubuhi jua linapoanza kuupasha udongo moto, kwa sababu wakati huo mabuu huwa wamepandishwa karibu na juu kutafuta joto. Rudia baada ya siku chache, na usimwage karibu na shina la mti au mboga unazozipenda. Kisha angalia sukuma wiki zako. Ukipindua jani ukakuta vidukari, wale wadudu laini wanaofyonza utomvu, karibu kila mara utakuta na sisimizi, kwani vidukari hutoa maji matamu ambayo sisimizi huyanywa, nao sisimizi huwalinda dhidi ya adui zao. Bustani yenye vidukari mlangoni pa jikoni ni hoteli iliyofunguliwa usiku na mchana. Nyunyizia majani maji yenye sabuni kidogo upande wa chini, kata matawi yanayogusa paa, na utakuwa umepunguza sababu yao ya kukaa hapo.

Mojawapo wa aina zinazoishi kwa namna hiyo ni sisimizi wenye vichwa vikubwa, wavamizi walioenea katika miji na bustani nyingi. Huko Laikipia, inayopakana na Nakuru, utafiti uliochapishwa mwaka 2024 ulionyesha kwamba sisimizi hao waliwaua sisimizi wa kienyeji waliokuwa wakiilinda migunga dhidi ya ndovu. Ndovu wakaivunja miti, vichaka vikapungua, na simba, wakikosa mahali pa kujificha, wakawakamata pundamilia wachache zaidi na kugeukia nyati. Ninaposoma habari kama hizo huwa siwezi tena kuwaita wadudu hawa kuwa ni jambo dogo, wala sioni aibu kuandika maneno mengi juu yao.

Siafu ni habari nyingine kabisa, na wenzangu wa Kakamega, Vihiga na Nandi wanajua ninachokisema. Hawana kiota cha kudumu nyumbani mwako, hawataki sukari yako, na chambo cha boraksi hakiwahusu, kwa kuwa wao ni wawindaji wanaohama kwa makundi ya mamilioni, wakila kila kiumbe hai kisichoweza kukimbia. Huja mara nyingi usiku au siku za mawingu, baada ya mvua. Wakiingia, kazi ya kwanza ni kuwatoa watoto wachanga, wagonjwa na wazee wasioweza kusimama, kisha kuwafungulia kuku, sungura na ndama waliofungwa, kwa sababu mnyama aliyefungwa hawezi kujiokoa. Mwaga majivu ya moto au makaa kwenye njia yao mbele ya mlango ikiwa bado hawajaingia. Wakishaingia, ni afadhali kuwapisha. Watapita kila pembe, watakula mende, viroboto na vitoto vya panya, na kwa kawaida huondoka baada ya saa chache. Wazee wetu hawakuwachukia, walijipanga tu.

Na ukikuta vijia vya udongo vinavyopanda ukutani kuelekea mbao za dari, hao ni mchwa. Mchwa si sisimizi. Kiukoo, mchwa wana uhusiano wa karibu zaidi na mende. Tunafurahi wanapotoka wakiwa kumbikumbi na kukaangwa, lakini katika mbao za nyumba hakuna dawa ya jikoni itakayokusaidia, na ni vyema kumwita fundi mapema kabla paa halijalegea.

Kuhusu majira, hapa kwetu ninatega chambo mwishoni mwa Februari, kabla ya masika, na tena Septemba, kabla ya mvua za vuli, kwa sababu mvua ikishafurika viota vyao, jamii nzima hutafuta pakavu, na pakavu ni ndani kwako. Nyufa nazo zina wakati wake. Ukiziba mapema, sisimizi walio ndani ya ukuta watatafuta tundu jingine, na utapoteza barabara uliyokuwa umeijua. Subiri mpaka zipite siku kadhaa bila mstari wowote kuonekana, ondoa makopo ya chambo na kuyatupa yakiwa yamefungwa vizuri, osha njia yao kwa maji ya moto na sabuni, kisha ndipo uchanganye simiti na mchanga laini uzibe ufa wa nyuma ya sinki, tundu la bomba na pembe za dirisha. Bomba linalodondosha maji lirekebishwe siku hiyo hiyo, kwani wakati wa kiangazi wengi wao huwa wamefuata maji kuliko chakula.